Kemo ilifanya kazi mara mbili, sasa imegoma. Daktari anasema seli "zinajishona". Kivipi?

FundiWaToi

Wanajamvi hamjambo. Mimi ni fundi cherehani pale Toi Market, ukiingia kutoka Adams. Humu huwa nasoma tu na kupita, lakini tangu Jumatano usingizi umenikataa.

Mama mkubwa wangu ndiye aliyenilea. Mama yangu mzazi alifariki kwa saratani ya titi nikiwa darasa la tano, yeye akiwa na miaka 41, na dada yake akanichukua. Tunaishi Kawangware mpaka leo. Mwaka 2021 tumbo lake likaanza kujaa. Tukasema ni gesi, tukasema ni amiba, akanywa dawa za minyoo mara mbili, mwishowe tukaambiwa ni saratani ya ovari na imefika hatua ya tatu. Akapasuliwa, kisha akawekewa dripu za kemo, karboplatini na paklitakseli, kila baada ya wiki tatu, mara sita.

Kuna kipimo cha damu wanakiita CA-125. Kwa kawaida hakitakiwi kupita 35. Chake kilikuwa 1,840. Baada ya dripu ya nne kikasoma 22. Nilipiga vigelegele pale koridoni mpaka askari wa mlangoni akaja kuangalia nani amekufa.

Akakaa vizuri mwaka mmoja na miezi minne, akarudi hata kwa kikundi chake cha kanisa. Halafu ikarudi. Wakampa karboplatini tena, namba ikashuka tena, ingawa safari hii kwa kujivuta. Sasa ni miezi mitatu tu tangu dripu ya mwisho na namba imeanza kupanda: 90, halafu 260. Jumatano daktari akatuambia karboplatini basi, hampi tena. Maneno yake niliyaandika nyuma ya risiti ya uzi: "Dawa inavunja DNA ya seli za saratani, lakini hizi zilizobaki zinaishona." Alisema kushona kwa sababu anajua kazi yangu, nimemfupishia suruali mbili. Sasa atapewa paklitakseli peke yake, kila wiki.

Nimekaa kwenye cherehani nikiwaza neno hilo. Riziki yangu ni kurekebisha. Mtu ananiletea suruali ya mtumba imechanika gotini, namrudishia hujui palipochanika ni wapi. Halafu naambiwa ufundi huohuo ndio unaommaliza mama.

Nataka kuelewa. Dawa inaharibu nini hasa mle ndani? Seli imejifunza wapi kushona, ama ni dawa yenyewe iliyoifundisha? Kwa nini wasimwekee dripu kila siku ili zisipate nafasi ya kushika sindano? Na kama wanajua zinashona, si wazinyang'anye hiyo sindano? Baiolojia ya fom foo nilipata C, tafadhali msinitupie maneno makubwa.

Odhis_Umoja

Pole sana siz. Shemeji yangu alikuwa na shida kama hiyo, tukampa majani ya stafeli yaliyochemshwa asubuhi na jioni, na akapata nguvu kabisa. Hospitali wanapenda tu kuchoma watu na dawa. Nikutumie namba ya mzee anayeyauza? Yuko Kariokor.

NesiWaZamu

Odhis, shemeji yako namtakia heri, lakini namba ya mzee kaa nayo. Nimefanya kazi wodi ya saratani miaka tisa. Hatugombani na miti. Kinachotupata ni mgonjwa kufika kwa dripu, tunapima damu, ini limepanda na hakuna anayetaka kusema amekunywa nini. Paklitakseli huvunjwavunjwa na ini, sasa ini likiwa limeshikwa na chupa ya dawa ya kienyeji isiyojulikana ina nini, dozi ya kawaida inaweza kugeuka dozi kubwa. FundiWaToi, akinywa chochote nje ya kile alichoandikiwa, chai ya majani ikiwemo, daktari aambiwe. Hatutamgombeza.

Nikujibu hilo la dripu kila siku, kwa sababu ndugu wa wagonjwa hutuuliza sana. Kemo haijui seli ya saratani kwa jina, inajua tu seli inayogawanyika kwa haraka. Uboho wa mifupa unagawanyika mchana na usiku ukitengeneza damu. Utumbo unagawanyika. Mizizi ya nywele hivyohivyo. Ndiyo maana nywele zilimtoka na mdomo ukafanya vidonda. Zile wiki tatu ni za uboho kujijenga upya, na ndiyo maana kila safari mlitolewa damu kwanza kabla ya dripu. Kuna siku mlirudishwa nyumbani bila dawa, au sio? Hiyo ilikuwa damu haijapanda. Ungemwekea kila siku, saratani ingepungua, naye angeondoka kwa homa kabla yake.

Hayo ya DNA namwachia mwenye kuyajua.

MtuWaMaabara

Dada, pole. Mimi si daktari, ni mtu wa maabara tu, kazi yangu ni kushika pipeti kuanzia asubuhi hapa Nairobi. Lakini nimezaliwa Majengo, Mombasa, chini ya meza ya cherehani ya mamangu, kwa hiyo lugha yako naielewa.

Chukua zipu. DNA ni zipu ndefu mno. Ya seli moja tu ukiinyoosha inafika kama mita mbili, na imekunjwa ikaingia ndani ya kitu usichokiona kwa macho. Meno yake ni ya aina nne, tunayaita A, T, G na C, na jozi zake zinapita bilioni 6. Seli ikitaka kugawanyika, sharti ifungue zipu yote, inakili kila upande, kisha ifunge zipu mbili.

Ndani ya karboplatini mna platinamu, madini yaleyale ya pete za watu wenye pesa. Ikiingia ndani ya seli hudaka meno mawili ya G yaliyo jirani upande mmoja na kuyabana pamoja, kama mtu ameyafinya kwa koleo. Mara chache hudaka jino la upande huu pamoja na la upande ule, zipu ikawa haifunguki tena. Hizo chache ndizo mbaya zaidi. Sasa wewe unajua zipu iliyokwama ukiilazimisha inafanya nini. Mashine ya kunakili inafika pale penye kibano, inagonga, uzi unakatika. Majeraha yakizidi kiasi, seli yenyewe inaamua kujiua. Hili watu wengi hawalijui: dawa hii haiui seli kwa mkono wake, inaisukuma mpaka ijimalize.

Nitoke nje ya swali kidogo, mnivumilie. Dawa hizi zilipatikana kwa bahati tu. Barnett Rosenberg, huko Michigan, alikuwa akipitisha umeme kwenye bakteria aone utawafanya nini. Wakaacha kugawanyika, wakawa wanarefuka tu kama tambi. Alipochunguza akakuta umeme hauna hatia. Ni platinamu, iliyokuwa ikitoka kwenye vile vipande vya kupitishia umeme na kuyeyuka ndani ya mchuzi wa bakteria. Akachapisha mwaka 1965. Ikazaliwa sisplatini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1978, na karboplatini ni mdogo wake, mpole zaidi kwa figo, aliyefuata mwaka 1989. Kila nikiosha vyombo vya maabara nakumbuka kwamba dawa ilitoka kwenye uchafu wa chombo.

Turudi kwenye kushona. Seli haina fundi mmoja, ina kibanda kizima. Kwa yale meno mawili yaliyobanwa upande mmoja kuna genge linalopita likipapasa zipu. Likikuta pamevimba, linakata huku na huku, linatoa kipande cha meno kama 30 hivi, halafu linajaza upya likifuata upande wa pili ambao ni mzima. Kiraka kabisa, na hakionekani. Aziz Sancar, mzaliwa wa Uturuki, ndiye aliyeeleza mkato huo hatua kwa hatua. Mwaka 2015 alipewa Nobel ya kemia pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich, kila mmoja kwa aina yake ya kushona.

Ila pande zote mbili zikikatika, utafuata upande gani? Hapo anaitwa fundi mkuu. Yeye hutafuta nakala ya pili ya zipu hiyohiyo, ile iliyotoka kunakiliwa punde, anaiweka mezani kama mteja anavyokuletea suruali yake ya zamani uifanye sampuli, anashona herufi kwa herufi. Kazi safi. Katika timu hiyo kuna protini mbili, BRCA1 na BRCA2. Shika hayo majina. Zikikosekana anabaki fundi wa kulipua, anayeokota ncha mbili zozote na kuziunga, kilichoanguka sakafuni shauri yake. Seli ikiishi kwa viraka vya kulipua, haifiki mbali.

Seli ilijifunza wapi? Haikujifunza, na dawa haikuifundisha. Uvimbe wa ukubwa wa haragwe tayari una seli mamia ya mamilioni, nazo hazifanani, kwa sababu saratani inakosea kunakili kila uchao. Katika umati huo zipo chache ambazo kwa bahati tu zina mafundi wengi kuliko wenzake. Nyingine mlango wake ni mwembamba, platinamu haipenyi vizuri. Nyingine zina namna ya kuinasa na kuitema nje. Nyingine hata hazishoni: zinaruka juu ya meno yaliyobanwa, zinaweka herufi yoyote ile mradi zisonge mbele. Dripu ikapita, ikafagia umati. Zile chache zikabaki zimesimama palepale zilipokuwa, na sasa shamba lote ni lao. Ndizo mama za uvimbe mpya. Kwa hiyo daktari wako alisema kweli, ila kushona ni njia moja kati ya kadhaa. Kwa dawa za platinamu ni njia kubwa.

Na kuzinyang'anya sindano? Dada, umeuliza swali ambalo maabara nzima nzima zinalipiwa kulijibu. Shida ni kwamba mafundi ni walewale walio kwenye uboho wako na utumbo wako. Bila kemo, bila sigara, kila seli ya mwili wako hupata majeraha ya DNA maelfu kwa maelfu kila siku, kwa joto la mwili tu na maji na hewa unayovuta. Ukipokonya kila sindano, hata mzima hafiki Ijumaa. Itabidi upokonye sindano ambayo saratani inaihitaji kuliko wewe. Ipo njia ya namna hiyo, nayo ina uhusiano na yale majina mawili, lakini zamu yangu imefika.

MzeeWaRuiru

Nimesoma yote kwa sababu mimi nilipewa sisplatini mwaka 1996, saratani ya korodani, ilikuwa imeshapanda mpaka mapafuni. Masikio yananguruma mpaka leo kama jenereta ya jirani, lakini nina wajukuu wanne. Kijana wa maabara, nieleze, hawa mafundi kwangu walikuwa likizo?

MtuWaMaabara

Mzee shikamoo. Karibu hivyo. Seli za saratani ya korodani zina upungufu wa baadhi ya wale wakataji niliowataja, hasa protini moja iitwayo XPA na mkasi wa ERCC1 na XPF. Platinamu ikizibana, hazina wa kuziondolea kibano. Ndiyo maana ni moja ya saratani chache zinazopona kwa kemo hata zikiwa zimesambaa. Na huo mngurumo wa masikio ni alama ya sisplatini inayojulikana.

FundiWaToi

Asanteni. Kaka wa maabara, nimesoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimeshika zipu mkononi. Mteja akaniuliza kama naongea na zipu.

NesiWaZamu, kweli tulirudishwa nyumbani mara mbili, na mama alilia, akidhani wamemkatia tamaa. Kumbe ni uboho. Nitamwambia.

Lakini kuna kitu hakijanikalia. Kama mafundi wako mle siku zote, mbona mara ya kwanza dawa ilifanya kazi vile? Kutoka 1,840 mpaka 22 si mchezo. Daktari mwenyewe alishangaa. Mafundi walikuwa wapi?

MtuWaMaabara

Swali hilo nililikwepa jana, nikaona nilale nalo kwanza, kwa sababu jibu lake linakugusa wewe pia, si mama mkubwa peke yake.

Katika swali lako la kwanza kuna sentensi uliyoiandika ukapita. Mama yako mzazi, saratani ya titi, miaka 41. Dada yake wa tumbo moja, saratani ya ovari. Mtu wa fani hii akisoma mistari hiyo miwili pamoja, anaweka kikombe chini. Huenda ni bahati mbaya mbili tofauti, sijui, na mimi si wa kukupima kwa simu. Lakini kuna familia ambazo nakala moja ya maandishi ya DNA ya kutengenezea BRCA1 au BRCA2 (kila mtu ana mbili) imezaliwa ikiwa na kasoro, na kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu kuirithi, awe wa kike au wa kiume. Mwenye kasoro hiyo anaishi vizuri kwa sababu nakala ya pili ni nzima. Siku seli moja ya ovari au ya titi inapopoteza na hiyo ya pili, fundi mkuu amekwisha ndani ya seli hiyo. Makosa yanarundikana, saratani inaanza.

Sasa saratani iliyozaliwa kwa kukosa fundi mkuu ikikutana na platinamu, inafanywaje? Inakwenda chini kama nyumba ya udongo kwenye mvua ya Aprili. Kama mama mkubwa ana kasoro hiyo, na bado ni kama, basi ile 22 inaeleweka. Mafundi hawakuwa likizo. Yule anayehitajika hasa hakuwepo.

Na hapo ndipo ile sindano ya kupokonywa inapoingia. Kuna fundi mwingine, PARP, anayeshughulikia mipasuko midogo ya upande mmoja. Ukimzuia, mipasuko midogo inageuka mikubwa wakati wa kunakili. Seli yako ya kawaida inamwita fundi mkuu, maisha yanaendelea. Seli ya saratani isiyo na BRCA inaita, hakuna anayeitika. Jambo hilo lilionyeshwa mwaka 2005, na dawa ya kwanza ya aina hiyo, olaparibu, ikaruhusiwa mwishoni mwa 2014 kwa saratani ya ovari yenye kasoro za BRCA. Ni vidonge, si dripu.

Halafu inakuwaje seli isiyo na fundi mkuu iishie kushona? Hili ndilo linaloniacha mdomo wazi kila mwaka ninapowafundisha wanafunzi wa mafunzo ya vitendo. Maandishi ya DNA husomwa herufi tatutatu, bila nafasi kati. Andika hivi:

MTI HUU UNA UFA

Sasa futa herufi moja tu, ile T. Msomaji bado anasoma tatutatu, kwa hiyo anapata:

MIH UUU NAU FA

Upuuzi mpaka mwisho. Kasoro nyingi za BRCA ni za namna hii, herufi moja au mbili zimetoka, protini yote imeharibika. Saratani inaendelea kukosea kunakili, maana ndiyo tabia yake, na siku moja kwenye seli moja inakosea tena palepale jirani: zinatoka herufi mbili zaidi, zile U mbili za katikati.

MIH UNA UFA

Neno la kwanza bado bovu, moja limepotea, lakini mwisho wake unasomeka. Protini inayotoka hapo ni chongo, lakini inashona. Kosa la pili limerekebisha kosa la kwanza. Mwaka 2008 watafiti waliliona hili kwenye seli za maabara na kwenye uvimbe wa wagonjwa wa ovari waliokuwa wametibiwa kwa platinamu. Kwenye mwili usio na dawa seli hiyo isingepata faida kubwa, ingebaki mmoja katika umati. Chini ya dripu, ndiyo pekee inayoona kesho.

Kama hilo ndilo limempata mama mkubwa, jueni mambo mawili. Kwanza, olaparibu haitasaidia sana wakati huu, kwa sababu inategemea udhaifu uleule ambao saratani imeshauziba. Vidonge hivyo hufanya vizuri zaidi pale platinamu bado inafanya kazi. Nakwambia ili mtu asije akawachangisha harambee ya kununua dawa ambayo wakati wake umepita. Muulizeni daktari waziwazi. Pili, kubadilishiwa dawa hakumaanishi wamemtupa. Paklitakseli haigusi zipu hata kidogo. Inashika kamba zinazovuta zipu mbili kwenda kila moja upande wake seli inapogawanyika, inazigandisha. Fundi wa zipu, hata awe hodari vipi, kamba si kazi yake. Na madaktari wana kipimo chao cha makadirio tu: saratani ikirudi kabla ya miezi sita tangu platinamu ya mwisho, wanaihesabu imeizoea. Nyinyi mko miezi mitatu.

Kuhusu wewe. Mwenye kasoro ya BRCA1 au BRCA2 ana uwezekano wa kupata saratani ya titi unaopita 60 kwa kila wanawake 100 katika maisha yake. Wasiokuwa nayo ni kama 13. Ndiyo sababu sikutaka kuyasema haya jana usiku ukiwa peke yako. Ukiwa nayo yapo ya kufanya, tena mengi, kuanzia kuchunguzwa mapema. Lakini hatuanzi na wewe. Anayeumwa hupimwa kwanza, maana akikutwa na kasoro, kwako inatafutwa hiyohiyo tu, na jibu linakuwa ndiyo au hapana. Damu ya kawaida mkononi inatosha, na hata saratani ikiwa imejirekebisha, damu yake bado itaonyesha alichozaliwa nacho.

NesiWaZamu

Nimekaa tu nikasoma. MTI HUU UNA UFA nitaiandika kwenye ubao wa wodi.

Fundi, paklitakseli ya kila wiki ina tabia moja: ganzi ya vidole vya mikono na miguu. Wagonjwa hawaisemi, wanaona aibu, ama wanaogopa kupunguziwa dozi. Wewe una jicho la kazi hiyo. Asubuhi mwangalie akifunga vifungo vya sweta. Akianza kuhangaika navyo, au anaangusha kijiko, sema wiki hiyohiyo, usisubiri mwezi.

Odhis_Umoja

Mimi namba ya mzee nimefuta. Lakini shemeji yangu kweli alipata nguvu.

NesiWaZamu

Alipata nguvu kwa sababu mlikuwa mnampelekea chakula mara mbili kwa siku, Odhis. Hiyo endeleeni.

FundiWaToi

Nimerudi. Samahani kwa kimya, ilikuwa msimu wa sare za shule.

Kaka wa maabara, jibu lako nililisoma ndani ya matatu ya 46 tukiwa tumekwama Yaya, nikashuka kabla ya stendi nikatembea. Nilikukasirikia siku mbili, nisikufiche. Mimi nilikuja kuuliza ya mama, wewe ukanirudishia yangu. Siku ya tatu nikampigia kaka yangu aliye Nakuru nikamuuliza kama anajua nyanya yetu alikufa kwa nini. Akasema tumbo. Nikamuuliza tumbo gani. Akasema lilijaa maji.

Jana ilikuwa kliniki. Nilikuwa nimeandika maswali kwenye ile karatasi ya kukatia kola, daktari akacheka alipoiona, kisha aliponisikia akaacha kucheka. Akatoa kalamu, akachora sisi wote, miduara ya wanawake na miraba ya wanaume, akaweka giza kwa mama, kwa mama mkubwa, na alama ya kuuliza kwa nyanya. Mimi ni mduara mweupe huku chini. Akasema hilo la familia lingepaswa kuulizwa tangu mwanzo, na damu itachukuliwa. Nikamwuliza la herufi kurudi kusomeka. Akasema ndivyo anavyoshuku, na kwa sababu hiyo hiyo hakutaka kupoteza wiki nyingine kwa karboplatini.

Mama mkubwa alikuwa amekaa pale akisikiliza yote. Nilidhani hafuatilii. Daktari akamwuliza kama angekubali kupimwa, kwamba kwake huenda kusibadilishe dawa leo, lakini kungetusaidia sisi watoto. Akakunja mkono wa sweta, vifungo alivifungua mwenyewe bila shida, nilikuwa naangalia. Akamwambia daktari atoe damu mkono wa kushoto, wa kulia mishipa imekwisha, na atoe ya kutosha, maana mimi nina binti wa miaka 14.